Moshi wa Turbe Jikoni mwa Mama Elsa

Marguerite hajui kupika chakula kidogo. Hata nyumbani kwake Kinama, anapowapikia watu watatu tu, sufuria hubaki na cha kesho na cha jirani, kwa sababu mkono wake umezoea kukoroga maharage ya bweni zima. Ni mpishi mkuu katika shule moja ya bweni huko Ngagara, Burundi. Kazi hiyo aliishika baada ya mumewe, Sylvère, mpakuzi wa mizigo bandarini, kufariki na kumwachia binti mmoja, Elsa, aliyekuwa bado ananyonya. Elsa amekua, ameolewa, ameachika, amerudi kwa mama yake na mtoto mgongoni. Lakini shuleni, kuanzia direkta, mkuu wa shule, hadi mlinzi wa langoni, Marguerite ni Mama Elsa tu, na wengine hawajui kama ana jina jingine.

Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Mwanafunzi akirudi mara ya pili na sahani aliyoifuta kwa kiganja ili ionekane haijaguswa, Mama Elsa humtazama na kumjazia tena. Caritas, msaidizi wake, alimuuliza mara moja kwa nini anawaachia. Akajibu kwamba mtoto mwenye njaa hasemi uongo, tumbo ndilo linalosema.

Miaka yote hiyo jiko lile lilikula kuni. Lori lilishuka kutoka milimani, kuni zikarundikwa nyuma ya ukuta, na shughuli ikaenda. Kisha nchi ikaingia katika uhaba wa mafuta. Magari yakalala kwenye foleni za esansi na mazutu, yaani petroli na dizeli, madereva wakafua nguo na kuzianika kwenye vioo wakisubiri, na malori ya kuni yakaacha kushuka. Kuni chache zilizofika zilikuwa mbichi na nyembamba, maana milima yenyewe imekwisha kunyolewa. Ikafika asubuhi ambayo wanafunzi waliingia darasani bila uji. Hakuna aliyemlaumu Mama Elsa, lakini siku ile aliona aibu hata kutoka nje ya jiko.

Mama ekonome, anayesimamia matumizi ya shule, alihangaika huku na huko mpaka akapata lori moja kutoka kaskazini, lenye mzigo wa kutosha muhula mzima. Turubai lilipofunuliwa, Caritas alidhani wameletewa udongo. Vilikuwa vitofali vyeusi vyenye wekundu kwa mbali, vyepesi kuliko vilivyoonekana, vinavyoacha vumbi viganjani. Mama ekonome akaeleza kwamba hiyo ni turbe, kwamba inawaka kama makaa na inakaa motoni muda mrefu kuliko kuni.

Mama Elsa hakuhitaji kuelezwa. Alichukua kipande kimoja, akakinusa, na harufu ile ikamrudisha utotoni.

Alizaliwa kaskazini, kwenye bonde la Akanyaru, ambako watu huiita nyiramugengeri. Nyumba ya baba yake ilikuwa mlimani, na chini kabisa palikuwa na bwawa la mafunjo lisiloonekana mwisho. Ukikanyaga pembeni mwa bwawa lile, ardhi ilitetemeka chini ya nyayo kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba maji. Baba yake aliwakataza kwenda mbali, kwa sababu ndama waliwahi kuzama humo. Wakati wa kiangazi wanaume walichimba tope jeusi, wakalikata vipande, wakaviacha juani hadi vikauke. Mama Elsa na dada yake mkubwa, Sperata, walikuwa wakivigeuza ili vikauke upande wa pili, wakarudi nyumbani weusi hadi magotini.

Siku chache baada ya lori kushusha mzigo, mwalimu Aloys aliingia jikoni. Alifundisha jiografia, mtu mrefu mwenye kawaida ya kuinama hata mahali ambapo dari halimsumbui. Aliomba kipande kimoja cha turbe akawaonyeshe wanafunzi, maana somo la wiki ile lilikuwa nishati itokayo ardhini. Alikivunja juu ya meza, na katikati zikatokea nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia.

"Mama Elsa, angalia hapa," akasema. "Unaona hii?"

"Ni muzizi ya mafunjo," Mama Elsa akajibu. "Mi nimekulia pembeni ya bwawa yake, mwalimu. Tulikuwa tunazichezea."

Basi Aloys akavuta kigoda, akamuuliza habari za bwawa lile, na alipokwisha kusikia akamweleza upande ambao yeye Mama Elsa hakuwa ameupata kwa wazee wake. Alisema kwamba funjo likiwa hai hula mwanga wa jua na kuuweka mwilini. Likifa, huangukia majini. Lingekuwa shambani lingeoza likaisha, lakini kwenye tope la bwawa hakuna hewa, kwa hiyo halimaliziki kuoza. Mwaka unaofuata jingine huanguka juu yake, na jingine tena, tabaka jembamba kuliko ukucha. Wafalme huja na kupita, tabaka zinapandana tu. Hivi vitofali vya ghalani, alisema, ni mafunjo yaliyokufa kabla mtu yeyote hajajua kutaja jina la Burundi.

Mama Elsa alikuwa anachagua maharage, lakini mikono yake ilikwisha kusimama. Akauliza, je, kama watu wasingechimba?

Aloys akamwambia kwamba turbe ni kama makaa ya mawe yaliyo bado mtoto. Bonde lingedidimia, mito ikamwaga mchanga na udongo juu yake, uzito ungekamua maji yote, joto la chini likaiivisha pole pole, na baada ya mamilioni ya miaka watu wa wakati huo wangechimba makaa magumu kama jiwe. Hata mafuta, yale wanayoyapangia foleni, ni ndugu wa hayo hayo, ila yametokana na viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa jicho. Vilikufa, vikazama kwenye tope lisilo na hewa, vikafukiwa na kupikwa na ardhi. Akanyoosha mkono upande wa ziwa na kusema kwamba hata huko, kwenye vilindi vya Tanganyika, kuna tope la namna hiyo linalojilundika sasa hivi. Wazungu waliwahi kutoboa bonde la Rusizi kutafuta mafuta, wakafungasha wakaondoka.

"Kwa hiyo sisi tunachoma jua ya zamani," Mama Elsa akasema.

"Ndiyo hivyo," Aloys akajibu. "Na tukiimaliza, hatungoji ingine. Haitatukuta."

Mazungumzo yale yalimkaa moyoni. Kwa siku kadhaa alipoweka kitofali motoni alikiweka kwa adabu kidogo, kama mtu anayepokea kitu cha mkubwa. Na kweli turbe ilifanya kazi. Ilichelewa kushika, lakini ikishika ilitoa moto mtulivu wa kuivisha maharage bila kuyaunguza. Uji ukarudi mezani. Mama ekonome akapita jikoni akitabasamu, jambo lisilo la kawaida yake.

Ubaya ulikuwa moshi. Jiko lile lilijengwa kwa ajili ya kuni, tena zamani, nalo halikuwa na dohani. Moshi ulitokea madirishani na kwenye nafasi iliyoachwa chini ya paa. Moshi wa kuni walikuwa wameuzoea. Huu wa turbe ulikuwa mzito, wa rangi ya manjano, ukikaa chini kama mtu asiyetaka kuondoka. Macho yaliwawasha, nywele zikanuka bwawa. Jioni Mama Elsa alirudi Kinama na kichwa kinachogonga.

Kisha akaanza kukohoa.

Mwanzoni alisema ni mafua. Alikunywa chai ya tangawizi, akajipaka mafuta ya mchaichai kifuani. Kikohozi kikakaa. Kilimwamsha alfajiri, kikamkamata akipanda ngazi za kanisa, na nguo zikaanza kumlegea kiunoni. Hapo ndipo woga wa zamani ulipomwingia, maana alikwisha kuyaona haya mahali pengine. Sperata, yule dada yake wa bwawani, alikohoa hivi hivi. Nyumbani walinyamaza, wakasema ni baridi ya mlimani, kwa kuogopa majirani wasije wakakataa hata kuteka nao maji. Walipompeleka hospitali, kifua kikuu kilikwisha kumla, na hakurudi.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na Mama Elsa aliujua usemi huo vizuri kuliko wengi. Hata hivyo alificha. Aliwaza kwamba mpishi mwenye kifua kikuu hawezi kubaki kwenye jiko la shule hata saa moja, na kwamba wazazi wangesikia, na kwamba nyumba ya Kinama ilikula kutokana na jiko lile. Akakoholea kwenye kitenge. Akitaka kukohoa sana alitoka nyuma, akajifanya anachota turbe.

Lililomuumiza zaidi ni Keza, binti wa Elsa, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika kuta. Kila jioni mtoto huyo alimjia bibi yake mikono juu. Mama Elsa akaacha kumbeba. Alijitengea sahani na kikombe, akahamishia mkeka wake chumba cha mbele, akamwambia Elsa kwamba mgongo unamuuma. Mtoto alisimama miguuni pake akilia, naye akamgeuzia uso ukutani ili asimpumulie. Elsa alidhani mama yake amemchoka yeye na mwanawe, na kwa siku nyingi wale wanawake wawili walizungumza habari za chumvi na sabuni tu.

Ndipo ikaja ile mvua ya mchana.

Ilishuka na upepo kutoka ziwani, ikapiga madirisha ya jiko, maji yakaingia hadi kwenye mafiga. Sehemu ya turbe ilikuwa imelowa. Ili moto usizimike, Caritas alifunga madirisha yote, wakaegemeza na mlango. Turbe mbichi ikafuka bila kuwaka. Waliendelea kupika, maana saa ya chakula ilikuwa inakaribia. Caritas akasema kichwa kinamzunguka, akacheka, akasema labda ni njaa. Muda mfupi baadaye Mama Elsa akasikia mwiko ukianguka. Aligeuka, akamwona Caritas amekaa sakafuni, mgongo kwenye gunia la mchele, macho wazi lakini hayamtazami mtu.

Alimwita, hakuitikiwa. Akataka kukimbilia mlango, akakuta miguu yake si yake. Jambo alilofanya hakulifikiri. Alimkamata Caritas kwapani na kumburuza, akapumzika, akamburuza tena, akausukuma mlango kwa mgongo, na wote wawili wakaangukia nje kwenye matope na mvua. Hewa ile ilikuwa baridi, na aliivuta kama mtu anayekunywa. Akapiga kelele mara moja tu. Mwalimu Aloys, aliyekuwa darasa la karibu, ndiye aliyewafikia kwanza, na gari la direkta, ambalo kwa bahati lilikuwa na mazutu kidogo, likawapeleka kituo cha afya.

Huko walipokewa na daktari kijana, Nura, binti wa familia ya Waarabu wenye maduka ya vitambaa mjini. Alimwekea Caritas hewa safi ya mtungi puani. Mama Elsa alikaa kwenye benchi, matope yakimkaukia miguuni, akiangalia kifua cha msaidizi wake kikipanda na kushuka, akisali kwa Kirundi bila kutoa sauti. Kabla jua halijatua, Caritas alifungua macho, akauliza kama maharage yameungua.

Mama Elsa alijifunika uso kwa kitenge. Daktari Nura akamshika bega, akamweleza kwamba moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na hiyo ndiyo iliyowaangusha, si moshi unaoonekana. Wangechelewa kidogo, habari ingekuwa nyingine. Mama Elsa akawaza jinsi mafunjo yale yalivyokaa zama zote bila hewa na yasiharibike, halafu siku ya kuchomwa yakaidai hewa yote kwa pamoja.

Akataka kujibu, na kikohozi kikamkamata. Kilikuwa kirefu. Alipomaliza, daktari alikuwa amevuta kiti mbele yake.

"Mama, we unakohoa tangu lini?"

"Ni leo tu, dokta. Ni ile moshi."

"Apana, mama. Hii si ya leo."

Mama Elsa akamwangalia daktari huyo kijana, wa umri wa Elsa, aliyevaa mtandio mweupe, na akachoka kusema uongo. Akamwambia yote: alfajiri, nguo zinazolegea, Sperata, sahani aliyoitenga, mtoto anayelia miguuni. Daktari Nura hakumkemea. Alimsikiliza mgongoni kwa kifaa chake, akapima damu, akampa kikopo cha makohozi, akampeleka kupigwa picha ya kifua. Akamwambia apumzike nyumbani mpaka majibu yatoke.

Siku zile za kungoja Mama Elsa alizipitisha uani, akikaa mbali na kila mtu. Safari hii alimweleza Elsa ukweli. Elsa akasema kwamba angependa kulia kwa hasira lakini amechelewa, maana furaha ya kujua kwamba mama hakuwachoka imetangulia. Akaleta kigoda chake, akakaa naye, nafasi ya mkeka mmoja kati yao.

Siku ya majibu walikwenda pamoja. Mama Elsa alivaa nguo yake ya kanisani, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa na anataka akutwe nadhifu. Daktari Nura aliwaita ndani, akafunga mlango.

"Mama, hauna kifua kikuu," akasema. "Tumeangalia makohozi zaidi ya mara moja, na picha pia. Ni moshi ndiyo imekuumiza mapafu. Ukiiacha, itapona sehemu kubwa."

Mama Elsa akamwomba arudie. Daktari akarudia, taratibu zaidi. Mama Elsa hakuruka wala kupiga vigelegele. Alihisi usingizi mzito, ule wa mtu aliyeshusha mzigo wa safari ndefu. Alimuuliza swali moja tu, kama anaweza kumbeba mtoto. Daktari Nura akamjibu kwamba anaweza hata sasa hivi. Keza alikuwa mgongoni kwa Elsa. Wakamfungua, wakamweka mapajani pa bibi yake palepale kwenye chumba cha daktari, na mtoto akaanza kumvuta hereni kana kwamba hakuna lililopita.

Daktari aliongeza mengine: pafu likishaumia halirudi lote, na asithubutu kuingia tena kwenye jiko lile lilivyo. Hilo la pili aliahidi kulisema mwenyewe, na kweli alikwenda shuleni, akakaa na direkta na mama ekonome. Waliosikia wanasema sauti haikupandishwa. Mama ekonome ndiye aliyetoka wa kwanza, akaenda moja kwa moja mtaa wa Buyenzi kumtafuta Massoudi, fundi anayejenga tanuri za waoka mikate.

Massoudi alizunguka jiko lile mara mbili, ametia mikono mfukoni, akauliza kwa upole ni nani aliyejenga chumba cha kukaushia watu kwa moshi. Akabomoa mafiga ya zamani. Akajenga majiko ya matofali yaliyofungwa, kila moja na mlango wa chuma na tundu la kuingizia hewa chini, na dohani moja pana iliyopanda hadi juu ya paa. Akavunja pia kipande cha ukuta wa nyuma na kuweka matofali yenye matundu, ambayo hata mvua ikinyesha hayafungwi. Turbe akaamuru ihamishiwe kwenye kibanda kikavu, juu ya mbao, kwa sababu iliyolowa ndiyo inayofuka. Alipowasha mara ya kwanza, walisimama wote uani, walimu na wapishi, wakitazama juu. Moshi ulitoka kwenye dohani, ukasitasita kidogo, kisha ukachukuliwa na upepo kuelekea milimani. Mwalimu Aloys aliinama mlangoni na kuchungulia jikoni, akasema anaona ukuta wa upande wa pili. Watu wakacheka, maana ulikuwa hauonekani tangu muhula uanze.

Mama Elsa alirudi kazini baada ya daktari kumruhusu. Kikohozi hakikuondoka kwa siku moja. Kilipungua, kikawa cha asubuhi, kikawa cha mara moja moja, na siku moja akiwa njiani kutoka Kinama aligundua kwamba amepanda mwinuko wote akizungumza na jirani bila kusimama. Hakumwambia yule jirani. Aliendelea kuzungumza, ili asikie namna sauti yake inavyokwenda bila kukatika.

Caritas naye alirudi, mwembamba kidogo, na ulimi ule ule. Analalamika kwamba maharage ya turbe hayana utamu wa maharage ya kuni, na kwamba siku malori yakipata mazutu atakuwa wa kwanza kupakua kuni kwa mikono yake. Mama Elsa humwambia aonje kwanza halafu aseme. Caritas huonja, hukunja uso, huonja tena, na huchukua sahani. Siku hizi wanakula pamoja karibu na ule ukuta wenye matundu, wakati wanafunzi wamekwisha kuhudumiwa, hewa ikipita kati yao, na hakuna anayeharakisha kutoka nje.